Paja la Nguruwe Buchani Kandara

Juzi nilikuwa kwenye foleni buchani, hapa Kandara, Jeddah. Mbele yangu kijana wa Kikenya, karani wa bandarini, alitaka kumpikia msimamizi wake Mjerumani chakula cha kwao Ujerumani, cha kumuaga. Kiarabu hakijui, basi akabandika mapishi yote kwenye simu ili itafsiri, akaiweka mezani kwa muuza nyama. Simu ikasoma kwa sauti kubwa, Kiarabu safi kabisa: "Chukua paja la nguruwe."

Kisu cha muuza nyama kikabaki hewani. Bibi mmoja wa Kizanzibari akaziba mdomo kwa ncha ya buibui. Simu, haina habari, ikaendelea: ponda, paka unga, yai, chenga za mkate, kaanga.

"Astaghfirullah! Umeagiza nini, mwanangu?" bibi akamaka.

"Mama, sikujua! Si mambo yamefunguka siku hizi hapa Saudia? Sinema, concert..."

"Sinema hailiwi!"

Muuza nyama akachukua sabuni na kitambaa, akasugua mahali simu ilipolala. Kisha akakata paja la ndama, akaliponda kwa hasira mpaka likawa jembamba kama chapati.

"Yalla. Halas," akasema, yaani haya, yamekwisha, nenda.

Kijana akachukua mfuko wake, jasho linamtoka, bila shaka akiiwazia ikama yake, kile kibali cha kuishi nchini. Bibi akamkimbilia hadi mlangoni. Nikasema moyoni, huyu leo kwisha.

"Mwanangu," akanong'ona, "kinatangulia nini, yai au chenga?"

Kijana akaukumbatia mfuko wake, akatoka mbio.

"Yai, bibi," nikajibu mimi, niliyeshtuka kuliko wote.