Aliyoyasema Mama Sitara

Chiku binti Sadalla anauza zipu, vifungo na nyuzi Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kwenye fremu ya duka aliyoachiwa na marehemu mama yake. Mimi ni fundi. Cherehani yangu iko barazani kwake, hatua mbili kutoka mlangoni, na nimekaa hapo miaka kumi na moja. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuyaokota kwa watu. Mengine niliyaona, mengine aliniambia mwenyewe, na moja kati yake lilitoka mdomoni mwangu.

Ilikuwa kawaida yetu, kila siku saa nne, mama wa chai akishapita na chupa zake na vitumbua, tukae kidogo. Tulikuwa watatu: Chiku, ambaye mtaani tunamwita Mama Sitara, mimi, na Celina, Mchaga wa Marangu mwenye duka la vitenge upande wa pili wa mtaa. Wote tuna watoto wa shule, wote tumeamka tangu saa kumi alfajiri, na ile robo saa ndiyo ilikuwa robo saa pekee ambayo hakuna mtu aliyetuita baba wala mama.

"Leo Elibariki nimemvalisha sare amelala," Celina alisema siku moja. "Soksi, viatu, kila kitu. Basi la shule linapiga honi saa kumi na moja na nusu, mtoto ana miaka sita. Nimembeba mpaka mlangoni kama gunia la mchele, konda kampokea."

"Afadhali wako," nikasema. "Twaha ameniambia tuko mlangoni kabisa, eti mwalimu anataka maboksi matatu na gundi, leo leo."

"Ukafanyaje?"

"Nimempa maboksi ya nyuzi ya Mama Sitara. Mwenyewe hajui bado."

"Sasa najua," Chiku akasema, akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kanga.

Ndivyo tulivyokuwa. Mmoja analalamika kuhusu kundi la wazazi la WhatsApp linaloita kutwa nzima, mwingine kuhusu hesabu za darasa la tano ambazo yeye mwenyewe hazijui, na mzigo unakuwa mwepesi kwa sababu mwenzako naye anao.

Chiku ndiye aliyekuwa fundi wa maneno. Alikuwa akimwigiza mwalimu mkuu, akimwigiza jirani yake wa Magomeni, akimwigiza hata mumewe Ismail jinsi alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema uongo. Ismail alikuwa ameoa mke wa pili, Mbagala. Mwanzoni aligawa zamu, siku hizi huku, siku zile kule. Zamu za Magomeni zikapungua mpaka zikaisha, pakabaki simu tu. Na hilo pia Chiku alituchekesha nalo. Siku nyingine nilikuwa nikimtazama akisimulia na kujiuliza analia saa ngapi huyu. Sikumuuliza. Kuuliza kungeharibu chai.

Mtoto wao ni mmoja, Sitara. Alikuwa darasa la saba, shule moja na darasa moja na Vicky, binti mkubwa wa Celina. Celina ndiye aliyemwelekeza Chiku kwenye shule hiyo, akamsaidia hata kujaza fomu. Sitara nilimjua tangu anatambaa chini ya meza ya kukatia. Mtoto mpole, mrefu, mwenye aibu. Akipita dukani Jumamosi alikuwa akinisalimia "Shikamoo fundi" na kuniokotea pini zilizodondoka sakafuni, moja moja, bila kuambiwa.

Mwezi wa tatu mwaka ule, Chiku alikuja asubuhi macho mekundu, mikono imevimba vidole. Celina akamuuliza ana nini.

"Nimefua," akasema. "Nimefua shuka kabla ya adhana, na jana, na juzi. Msichana wa miaka kumi na tatu, mwenzangu. Ananizidi urefu, na kitanda kinaelea."

Tukanyamaza kidogo, na yeye, nadhani alikiogopa kile kimya, akaanza kuigiza. Akaigiza jinsi Sitara alivyokuwa akinyata na godoro mgongoni kulipeleka uani. Akatuambia ilianza wiki ile Ismail alipobeba begi lake la mwisho, mtoto akamshika baba shati kwa nyuma mpaka kifungo kikakatika, akiwa analia. Akaigiza na ile sauti ya kilio. Akaigiza mwenyewe anavyoanika shuka nyuma ya choo ili wapangaji wenzake wasilione. Miaka miwili wapangaji hawakujua, na sisi tuliambiwa yote kabla chai haijapoa.

Tulicheka. Nisijitoe. Nilicheka mimi, akacheka Celina, akacheka na mwenyewe Chiku huku akijifuta macho.

Kisha tukatoa ushauri, kama kawaida ya wazazi. Celina alisema ampe kijiko cha asali kabla ya kulala. Mimi nikasema, "Dawa ni ndogo tu. Asinywe maji ikishapita alasiri. Mdogo wangu alipona hivyo hivyo." Mdogo wangu alipona kwa sababu alikua, ila ukiwa na kikombe mkononi unajikuta unasema kama daktari.

Chiku akaenda kumwambia mtoto, na mtoto akatii. Hali ikapata nafuu kidogo, mara moja kwa wiki, wakati mwingine hata hiyo haipo. Chiku akanishukuru.

Mwezi wa saba shule ikaitisha kambi. Watoto wa darasa la saba walale shuleni mpaka mtihani wa taifa, wasome asubuhi na jioni. Sitara hakutaka. Chiku aliniambia baadaye walivyoongea, mtoto akikunja sare zake kwenye begi.

"Mama, wakijua je?"

"Nani atawaambia? Ni mimi na wewe tu."

Na alipokuwa akilisema hilo, Chiku aliniapia, hakukumbuka kabisa ile chai ya mwezi wa tatu. Lilikuwa limemtoka kichwani kama yanavyotoka mambo mengine ya saa nne.

Kambi ilianza Jumapili. Alhamisi tulikuwa tumekaa, Celina hakuwepo, amekwenda bandarini kufuatilia mzigo, simu ya Chiku ikaita. Ni metroni wa shule. Sitara ameanguka mstarini, yuko zahanati ya jirani na shule, mama aje.

Chiku alisimama, akakaa tena. Nikafunika cherehani, nikavuta geti la duka, tukapanda bajaji. Njia nzima alikuwa anaongea peke yake. Labda njaa, labda malaria, labda ndiyo ameanza siku zake. Mimi nilikuwa naitikia tu.

Tulimkuta amelazwa, dripu mkononi, midomo imepasuka kama ardhi ya kiangazi. Mganga, kijana mmoja mtaratibu, alitusimamisha mlangoni.

"Mama, huyu mtoto hana maji mwilini. Nimemuuliza mara ya mwisho kunywa maji ya kutosha lini, anasema Jumapili mchana, kabla hajaja kambini. Tangu hapo ni funda moja asubuhi, la kusukutulia. Chakula anasema anakula kikavu. Ameambiwa na nani?"

Chiku akanitazama. Sikujua pa kuweka macho.

Metroni ndiye aliyetueleza yaliyobaki, tena kwa kusitasita. Usiku wa kwanza, wasichana wanachagua vitanda, vile vya dabo deka, Sitara akawekwa cha juu. Hakuna aliyekubali kulala chini yake. Mmoja akauliza kwa nini, mwingine akajibu, na kabla taa hazijazimwa bweni zima lilikuwa linamwita kikojozi. Asubuhi wakaenda kukagua godoro lake. Lilikuwa kavu. Wakasema wataendelea kukagua kila siku. Metroni alipojua ilikuwa Jumatano, akawachapa wanne, na hilo likazidisha mambo.

Tuliingia ndani. Chiku akakaa pembeni ya kitanda, akamshika mtoto mguu.

"Mama," Sitara akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Vicky alijuaje?"

Nilikuwa nimesimama pale miguuni. Chiku ndiye aliyejibu.

"Sijui, mwanangu."

Sitara akatazama matone ya dripu. Halafu akasema, "Vicky amewaambia nilimshika baba shati mpaka kifungo kikakatika. Siku ile tulikuwa watatu ndani. Mimi, wewe na baba."

Mtoto akauvuta mguu wake taratibu ukatoka mkononi mwa mama yake, akageukia ukutani. Hakulia. Nilingoja alie, ningejua la kufanya, ningesema "pole, mwanangu." Alilala tu vile, mgongo ukiwa kwetu. Nami nikatoka nje nikasimama kwenye jua mpaka Chiku aliponifuata.

Kesho yake Chiku hakufungua duka. Alivuka mtaa moja kwa moja mpaka kwa Celina, nami nikamfuata nikidhani watashikana. Hawakushikana. Ingekuwa nafuu.

"Mama Vicky, mwanangu ulimsema nyumbani kwako."

Celina alikuwa ameshasikia. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala. "Nilimwambia Vicky mwezi wa saba, kabla hawajaenda kambi. Nilimwambia ili amhurumie mwenzake, amsaidie asubuhi watu wasione. Nikamwambia usimcheke, kapitia mengi, nikamwelezea na habari ya baba yake. Mungu shahidi wangu. Vicky nimemfuata kambini jana jioni, nimemchapa mpaka nimeumwa mkono."

"Lakini ulimwambia."

"Nilimwambia, ndiyo. Na wewe ulituambia." Hakuisema kwa ukali. "Mimi mwanao sikumchungulia, Mama Sitara. Nilisikia pale barazani, asubuhi kweupe, na wewe ndiye uliyekuwa unaigiza. Tukacheka kwa sababu ulitaka tucheke."

Wateja wawili walikuwa wamesimama na vitenge mkononi, wanajifanya wanaangalia rangi. Chiku akawaona. Halafu akasema, "Haya," akageuka, akavuka mtaa kurudi. Mkokoteni ulikuwa unakuja na mwenye mkokoteni anapiga kelele apishe, wala hakusikia. Mimi ndiye niliyemvuta mkono.

Sitara hakurudi kambini. Alisomea nyumbani, akaenda kufanya mtihani akitokea Magomeni, peke yake, akarudi peke yake. Chiku alijaribu kila njia. Aliomba radhi, mara ya kwanza kwa kulia, mara ya pili kwa utulivu, akampikia biriani siku isiyo sikukuu. Mtoto alikula, akaosha vyombo. Ukimuuliza umeshindaje, alisema salama. Umelalaje, salama. Shuka alikuwa akifua mwenyewe, kila siku, hata zilizo kavu, ili mama asijue ipi ni ipi.

Siku zile nilirudi nyumbani jioni moja, mwanangu Twaha, ambaye naye anasoma shule hiyo hiyo, akaniuliza, "Baba, na mimi huwa mnanisema huko Kariakoo?" Nikamwambia hapana. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye daftari lake. Nina hakika hakuniamini, na hakukosea.

Matokeo yalipotoka, Sitara alikuwa amefaulu vizuri. Jioni ile ile akamwambia mama yake anataka kwenda kukaa Mbagala, kwa baba, asome sekondari ya huko.

"Kwa yule mwanamke?" Chiku alimuuliza. "Aliyetutolea baba yako ndani, ndiye unataka akulee?"

"Kule hawanijui, mama."

Chiku aliniambia neno hilo akiwa anapanga vifungo kwenye makopo, akakosea makopo, akaanza upya. Alikuwa na majibu mengi, alisema, ila kila aliloligusa lilikuwa linamrudia mwenyewe. Mwezi wa kwanza Ismail akaja na gari la rafiki yake, akakohoa kama anavyokohoa, akapakia godoro jipya na begi.

Huyo mke mwenzake anaitwa Salma. Chiku, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akimwigiza kwa sauti ya puani, sasa anampigia simu kila Ijumaa. Inabidi, kwa kuwa Sitara hana simu. Salma humjibu kwa heshima, dada hivi, dada vile. Mtoto mzima, anasoma, anakula. Siku moja Chiku akajikaza, akauliza kama lile tatizo la kulala bado lipo.

"Hayo ni ya kwake, dada," Salma akasema. "Akitaka atakwambia."

"Alinifungia mlango," Chiku aliniambia. "Na amefanya vizuri. Hilo ndilo linaloniua, fundi. Amefanya vizuri."

Celina bado yuko upande wa pili wa mtaa. Wanasalimiana. Mzigo wa Chiku ukija yeye hayupo, Celina humpokelea na kusaini. Lakini saa nne kila mtu anakunywa chai mlangoni kwake, na mama wa chai amezoea kuzunguka mara tatu. Mimi nanywa nikishona.

Idi iliyopita Chiku alifunga duka siku mbili, akaenda Mbagala na gauni nililomshonea Sitara kwa vipimo vya kukisia, maana mwenye gauni hakuja kupimwa. Aliporudi kazini nikamuuliza habari za huko.

"Nzuri. Amerefuka. Gauni limemkaa, fupi kidogo tu mikononi." Akafungua kufuli la geti. "Alinikaribisha vizuri sana. Akanitandikia mkeka, akaniletea maji ya kunawa, akanipakulia pilau yeye mwenyewe, nyama zote kaweka upande wangu. Kila nikisema kitu anaitikia, ndiyo mama, sawa mama. Nilipoaga akavaa ushungi, akanisindikiza mpaka kituoni, akasimama mpaka nikapanda."

"Basi vizuri," nikasema.

"Nimesindikizwa kama mgeni, fundi," akasema. "Na mwanangu."

Alikuja mteja anatafuta zipu nyeusi ya inchi nane, Chiku akaingia ndani kumtafutia.