Jozi Tatu za Soksi

Kundi letu la simu lilikuwa na watu tisa, Wakenya wote, wengi wa kompyuta na hospitali, na lilikuwa na kazi moja: theluji ya Jojia, nchi ya milima tuliyoruka kwenda kuteleza kila mwaka. Tulikuwa kazini Doha, jangwani, ambako hata Januari mtu hutembea na fulana, lakini kila Alhamisi asubuhi mmoja wetu alituma hali ya mlimani. "Sentimita ishirini mpya, chini yake ngumu kama saruji. Upepo unaanza saa nne, pandeni mapema. Lifti ya kupandia kileleni imefungwa." Tulisoma kwa makini, kama watu waliozaliwa huko.

Tulikuwa na desturi. Kila mgeni wa safari alipewa ushauri mmoja wa uongo, na aliyeuchagua ni yule aliyekuwa mgeni kabla yake. Mimi niliambiwa nivae jinzi. Nilianguka asubuhi yote, jinzi ikalowa, kisha ikakauka ngumu kama bati, na wakanipiga picha nikishindwa kukunja goti. Nilicheka nao. Sikusahau.

Mwaka uliofuata mgeni alikuwa sista mmoja wa hospitali, muuguzi kutoka Kisii. Alikuwa ameomba miaka miwili kuhamishwa chumba cha upasuaji, na hatimaye akakubaliwa. Angeanza Jumapili, siku mbili baada ya kurudi. Safari ilikuwa zawadi aliyojipa.

Aliandika kwenye kundi: "Wakubwa, miguu yangu hushika baridi hata kwa AC. Nivae soksi ngapi?"

Zamu ilikuwa yangu. Nilijua jibu: jozi moja, nyembamba, maana kiatu cha kuteleza hubana na soksi nyingi huzuia damu. Nilikuwa nimelisoma mara kadhaa. Nikaandika: "Tatu, sista. Nzito. Halafu kaza vifungo mpaka mwisho."

"Ongeza ya nne ya maombi," akaandika dereva mmoja wa kundi.

"Asanteni, aki. Mungu awabariki."

Vicheko vikajaa kwenye simu, na yeye akacheka pamoja nasi, akidhani tunachekea ile ya maombi.

Mlimani siku ya kwanza ilikuwa nyuzi kumi na nne chini ya sifuri, na upepo. Baada ya saa moja alisema vidole vinamuuma. Nikamwambia ni kawaida ya wageni. Baadaye alisema haviumi tena, akafurahi, na mimi nikamwona akifurahi. Dereva alinisukuma kwa kiwiko. "Mwache mpaka chakula cha mchana, buda. Picha bado."

Mchana alivua viatu mbele yetu sote. Alivua jozi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na watu wakahesabu kwa sauti. Vidole vitatu vya mguu wa kushoto vilikuwa vyeupe kama nta. Aliviminya mwenyewe, kwa utaratibu, kimoja kimoja, akitafuta damu. Picha ilikuwa imeshapigwa.

Tuliporudi Doha vidole viliota malengelenge. Jumapili alikwenda kazini na kandambili. Msimamizi alimtazama miguuni, akamwambia chumba cha upasuaji ni kusimama kwa saa sita na kiatu kinachofunika vidole. Nafasi akapewa mwingine. Kundini tuliandika pole. Alhamisi mtu akatuma habari za theluji mpya, nyingi.

Wiki chache baadaye, vidole viwili vikiwa vimekuwa vyeusi, nilikwenda kwake mtaa wa Abu Hamour na matunda. Alikuwa amekaa kitandani, mguu juu ya kiti.

"Nani alichagua soksi?"

"Mimi."

"Ulijua?"

Ningeweza kusema sikujua. Aliniangalia kama anavyomwangalia mgonjwa anayesema ametumia dawa.

"Nilijua."

"Vizuri. Vuta kiti. Saa hii nabadilisha dawa, na wewe utaangalia. Ukigeuza uso naanza upya."

Akafungua bandeji. Harufu ilitangulia. Alisafisha polepole, akinieleza kwa sauti ya darasani: hapa nyama imekufa, hapa inajaribu kupona, hiki cha mwisho daktari atakikata Jumatano. Niligeuka mara moja. Akatupa pamba, akachukua nyingine, akaanza upya.

Alipomaliza alikusanya bandeji chafu kwenye mfuko, akaufunga, akanikabidhi.

"Shuka nazo kwenye pipa," alisema. "Na matunda yako pia."