Uvuguvugu wa Munkoyo wa Emilie

Papa Adalbert alifanya kazi kule Bendera, kwenye mitambo ya umeme, mpaka mvi zikamwenea. Kila alipopewa mapumziko alishuka nyumbani Kalemie, akamkuta mkewe Emilie ameinama juu ya makaa. Emilie alikuwa mpishi wa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, kitamu kuliko kikali, ambacho mtaa mzima ulikijia na vikombe. Alipika uji, akaungoja upoe, akatia mizizi iliyopondwa, ile inayoulainisha uji; kisha akawa anatoa kaa, anarudisha kaa, ili uji usichemke wala usipoe. Ukimwita, hakuinua kichwa.

Emilie alipofariki, nyumba ilibaki na sufuria yake na ukimya. Misa ya kumkumbuka ilipokaribia, Adalbert akaazimia kwamba watakaokuja wanywe munkoyo kama wake. Makaa hakuyaweza, kifua chake hakikutaka tena moshi. Binti yao Joëlle alikuwa amemletea kutoka Kigoma jiko la umeme la kioo, lile linalopasha chuma bila kutoa moto. Lakini sufuria ya alumini ya Emilie jiko halikuitambua kabisa. Hilo lilimuuma. Aliisugua, akaihifadhi, akaazima ya chuma.

Akapika uji, akatumbukiza kipimajoto ndani yake, akakiunganisha na kidude alichokiunda mwenyewe cha kukata na kurudisha umeme kulingana na joto. Kukata kulikubali. Kurudisha kukakataa: jiko lile likikatiwa umeme hulala, likangoja kidole kiliguse upya. Basi akalifungua, akaunganisha nyaya kwenye swichi yake, ili kidude kiibonyeze badala ya mtu. Sasa joto lilitulia pale alipotaka. Lakini alitaka wapi? Alikisia, akatia mizizi, na uji ukabaki mzito vilevile. Joto lilikuwa limezidi, likaiunguza mizizi.

Akamwita Claudine, mdogo wake Emilie. Claudine akamwambia dada yake hakuwa na kipimo, alitumbukiza kidole.

"Basi tumbukiza chako, shemeji," Adalbert akasema. "Uniambie ukisikia ni kama wake."

Wakapika mwingine, ukapoa polepole. Claudine akajaribu, akatoa kidole haraka. Akajaribu tena, akatikisa kichwa. Hatimaye akakiacha humo, akafumba macho.

"Njo hii joto yenyewe," akasema kwa sauti ndogo. "Dada alikuwa ananishika mukono, ananiingiza kidole hivi."

Adalbert akasoma kipimajoto, akakiwekea kidude joto lile, wakatia mizizi. Jiko likawa linavuma na kunyamaza lenyewe, uji ukalainika, wala hapakuwa na la kufanya ila kukaa. Claudine akasimulia walivyokuwa wasichana kule Mpala, Emilie akichimba mizizi kilimani huku akiimba kwa Kitabwa nyimbo za kumcheka katekista. Adalbert hakuwahi kujua kwamba mkewe aliimba. Akakumbuka mapumziko yale mafupi, yeye kitini, Emilie kwenye makaa.

"Ningemutengenezea hiki kidude zamani," akasema. "Angekaa hapa na mimi."

Claudine akamwekea mkono begani.

Siku ya misa munkoyo ulikuwa umechachuka vizuri, na wageni wakarudisha vikombe vijazwe. Claudine alionja, akasema haukuwa na harufu ya moshi, kwa hiyo si wa Emilie sawasawa. Adalbert alikubali. Kisha akanywa kikombe chake chote bila kukiweka chini.