Udongo wa Njano Ulivyonitoboa Mguu

Nawasalimu wapendwa, hasa wewe mwenye kidonda kisichosikia dawa. Usikate tamaa. Nami nilikuwa hivyo.

Kabla ya kuugua nilikuwa nafyatua tofali hapa pembeni ya Kwihara. Shule niliishia darasa la saba, lakini kichwani nilishajenga nyumba ya vyumba vinne, yenye baraza, ya mimi na mayu, mama yangu mzazi. Udongo nilichimba kwenye uwanja wa kiwanda kilichokufa, kilichokuwa kinapaka ringi za baiskeli na bampa za magari kromu, madini ya kung'arisha chuma. Ulikuwa na unjano, na kisima kilikuwa papo hapo. Nikaona Mungu kanirahisishia. Nikawa naukanyaga peku huku naimba.

Miguu ikaanza kuwasha, ngozi ikapasuka. Kisha juu ya kifundo kikatokea kidonda cha mviringo, kama kimetobolewa kwa msumari. Hakikuuma sana, ndiyo maana nilikidharau. Kikachimbika, kikatoa maji yenye harufu. Jirani yetu, Mzee Maganga, akasema nimekanyaga uchawi. Zahanati wakanipa dawa ya kupaka, wakaniambia nikioshe kwa maji ya moto yenye chumvi. Mayu akachemsha asubuhi na jioni, kwa uaminifu wote, maji ya kisima kilekile. Tukaosha, kikazidi. Tukachemsha zaidi. Nikikumbuka nachoka kabisa.

Mguu ulipovimba hadi gotini nikapelekwa hospitali ya mjini. Nikawasikia wakizungumzia kuukata. Daktari, mama mmoja mpole, akauliza maji tunachota wapi. Mayu akamweleza habari za kisima cha kiwandani, akaongeza kwa fahari kwamba tunayachemsha sana.

"Mama, moto unaua vijidudu," daktari akasema. "Kromu hauiui. Maji yanapungua sufuriani, sumu inabaki."

Wakaondoa nyama iliyooza, wakanikataza kile kisima. Taratibu kidonda kikajaa nyama nyekundu. Siku nilipoambiwa mguu unabaki, nililia kama mtoto.

Baadaye wataalamu wakaja kupima. Sumu ilishashuka mpaka maji ya chini. Wakachimba udongo, wakauhamisha kwa malori, wakazungushia kisima seng'enge. Yale maji bado wanayavuta na kuyasafisha, na wanasema ni kazi ya miaka. Walibeba na tanuri langu zima la tofali. Basi, nyumba nitaanza upya.

Namshukuru Mungu, mayu na yule daktari. Ushauri wangu: kidonda kisipopona, ulizeni kwanza maji yanatoka wapi.

Lakini watu wa kwetu jamani! Seng'enge wameshaikata, eti bomba liko mbali. Na Mzee Maganga alikuwa ameshachukua tofali zangu kabla ya malori kuja, kajengea jiko, hataki kulibomoa. Nimemsihi mpaka mate yakanikauka.

"Kijana, hizi zimepita motoni," akanijibu. "Sumu gani itabaki?"

Nikavua kiatu, nikaupandisha mguu kwenye kigoda mbele yake. Shimo la kovu linaingia kidole. Akalitazama. Kisha akawaita wajukuu zake watoke jikoni.