Samaki Mwenye Bega

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya makumbusho hapa Nakuru, Mhifadhi Mkuu alinipa sindano ya chuma, brashi laini na jiwe lenye ukubwa wa mkate. Ndani yake mlikuwa na kisukuku, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe, cha samaki wa kale kuliko dinosaria. Tulikuwa tumekiazima kutoka ng'ambo.

"Toa jiwe, acha samaki," alisema. "Na usiharakishe, kijana. Huyu hatakufa tena."

Kazi yetu iliitwa utayarishaji: kuchokoa punje kwa punje chini ya lenzi, kisha kupaka gundi nyepesi ili mfupa usimeguke. Mama yangu, aliyeuza samaki wa kukaanga mtaani Karagita, hakuielewa. Alikuwa ameshanitafutia nafasi kwa mjomba, kwenye kiwanda cha mbao Elburgon.

"Masomo yote hayo, Njoroge, unachokoa miba? Mimi hiyo huwapa paka."

Nilimwomba aje aone kwanza. Asiporidhika, ningeenda Elburgon. Sikuweza kudumu katika kazi ambayo mama aliionea haya.

Alikuja siku ya wageni, leso yake ikinuka mafuta. Nilianza na pezi la tilapia: vijiti vyembamba vilivyotandazwa kama mwavuli. Tilapia ni wa tawi moja la ukoo wa samaki wenye mifupa. Kisha nikamwonyesha yule wa kale, wa tawi la pili, ambaye pezi lake lilikuwa nene, la nyama. Ndani yake, mfupa mmoja, halafu miwili.

"Mum, jishike hapa begani. Sasa shuka."

Vidole vyake vikateremka polepole, vikapita kiwiko. "Mmoja. Miwili." Akalitazama jiwe. "Kumbe huyu ana bega?"

"Ndiyo. Sisi ni wa tawi lake."

Nyuma yetu mgeni mmoja akacheka. "Ona miba ya zamani!"

Mama akamgeukia. "Mzee, miba iko kwa sahani yako. Huu ni mkono." Kisha akaninong'oneza, "Mjomba nitamwambia mwenyewe."

Nilibaki, nikafanya kazi chini ya wahifadhi wakuu kadhaa, nikastaafia hapo. Mama alishatutoka. Vijana wa sasa wana mashine zinazouona mfupa kabla jiwe halijaguswa, nami nawafurahia. Lakini asubuhi za baridi, nikimvisha mjukuu sweta, mkono wake mdogo hukwama ndani. Naushika begani, nausukuma taratibu, mpaka vidole vitokee upande wa pili.