Kocha Aliyevuka Mstari

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msinicheke kabla sijamaliza. Shule niliiacha mapema, lakini macho ninayo.

Mwanangu ni dereva hapa Doha. Abiria wake mmoja, Mwaustralia, ndiye aliyemtia kwenye mpira wa kwao. Mpira wenyewe kama yai. Wanaupiga kwa mguu na kwa ngumi, na mtu akitaka kuudaka juu humpanda mwenzake mgongoni. Miaka mingi mwanangu alikuwa wa kupanda, akashangiliwa. Siku moja akatua vibaya, goti likapasuliwa. Daktari akamwambia, ukicheza tena, hili sitalishona mara ya pili. Sasa dereva asiye na goti atakanyaga breki na nini? Nyumba nzima inamtegemea yeye.

Akaniapia harudi kucheza, atakuwa kocha tu. Sikumwamini.

Ijumaa moja nikamwambia mkewe, twende Al Wakrah wanakochezea, nikaone mwenyewe. Tukamkuta nje ya mstari, anafoka. Timu yake ilikuwa inafungwa vibaya. King'ora kikalia, na mwanangu huyoo, anakimbilia katikati ya uwanja!

Kocha ninayemjua mimi havuki mstari. Nikakusanya baibui langu, nikaingia.

"Toka humo! Toka, mtoto usiyesikia!"

"Mama, rudi, watu wanatutazama!" mkewe akanivuta.

Wachezaji wakaganda. Mwanangu akashika kiuno. "Mama, haya ni mapumziko. Mchezo wetu una vipande vinne. Kila kikiisha, kocha huingia kusema na watu wake."

"Na goti?"

"Lipo, Mama. Sasa toka wewe, utatufungisha."

Yule Mwaustralia akasema neno, wote wakacheka.

"Anasemaje huyo?"

"Anauliza kama utacheza beki."

"Mwambie mgongoni kwangu hapandi mtu."

Nikatoka, lakini sikukaa. King'ora kikalia tena. Wenzake wakatawanyika kuufuata mpira. Yeye akageuka, akatembea taratibu mpaka nje ya mstari, akasimama. Hapo ndipo nikapumua, nikaketi, nikanywa chai yote ya chupa. Walifungwa, nami nikarudi nyumbani na furaha kama mwenye kombe.

Hata baibui sijavua, nikawaita wote jikoni. "Kuanzia wiki ijayo, Ijumaa wali uive mapema. Kocha haendi kufoka na njaa."