Da Zuwena alivyofaulu mtihani wa notary London, na siku aliyoniambia "Tupishe"

Wakuu, salamu zenu popote mlipo, mlio kazini mnasoma kwa kujificha na mlio kitandani mnakula day off.

Huu ni uzi wa kweli mtupu. Majina nimebadilisha maana wahusika wana simu na wengine wanasoma humu, lakini yaliyotokea sijayatia chumvi. Sehemu nyingine zinaniaibisha mimi mwenyewe, kwa hiyo mjue sina sababu ya kudanganya.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Thamesmead, kazi yangu ni carer kwenye nyumba ya wazee. Lakini uzi si wangu. Ni wa jirani yangu, nitamwita Da Zuwena. Mpemba, miaka arobaini na tisa, mama wa watoto watatu ambao ukiwasalimia kwa Kiswahili wanakujibu "I'm fine, uncle".

Da Zuwena alikuwa karani kwenye ofisi ya mwanasheria mmoja pale Woolwich, karibu na soko. Huyo bosi wake ni notary public.

Tuelewane hapa kwanza. Kwetu ukitaja notary watu wanaona jambo dogo. Unaingia kwa wakili, anakugongea muhuri, unaondoka. Wengine hata wakili hawamwoni, wanaacha karatasi kwa secretary na kuzipitia jioni.

Huku notary ni wachache, wana kozi yao na mitihani yao. Akishaweka muhuri wake, watu wa nchi nyingine wanaiamini ile karatasi bila kukuona wewe. Ndiyo maana wanafundishwa maswali matatu mpaka wayaote: Huyu mtu ndiye kweli? Anaelewa anachosaini? Anasaini kwa hiari yake?

Bosi wa Da Zuwena, Mzungu mtu mzima, alikuwa anakaribia kustaafu. Akamwambia waziwazi: ukifaulu mwaka huu, chumba changu ni chako. Usipofaulu, kazi ya notary hapa naifunga, utabaki kupanga mafaili.

Na mwaka wa kabla yake alikuwa ameshafeli.

Niwaambie alivyofeli, maana uzi wote uko hapa.

Masomo magumu yote alipita. Sheria za Warumi wa kale, alipita. Sheria za nchi moja zinapogongana na za nchi nyingine, alipita vizuri tu. Huyu mama alikuwa anasoma kwenye basi, anasoma akikaanga samaki, daftari kaliegemeza kwenye kopo la unga. Mimi na umri wangu nikishika kitabu dakika kumi nalala.

Kilichomwangusha ni paper ya vitendo, ile ambayo wenzake waliiita ya kupumzikia.

Swali lilikuwa hivi: mzee amekuja kusaini, kaja na binti yake. Binti anaeleza kila kitu, mzee anatikisa kichwa tu. Utafanyaje?

Da Zuwena akajaza kurasa mbili. Angemkaribisha mzee, angemwamkia, angemsomea karatasi polepole mbele ya binti yake, kisha angemshukuru binti kwa kumtunza baba. Akapata alama za kusikitisha. Wasahihishaji waliandika kwamba mteja hakuonwa peke yake.

"Kaka," aliniambia jikoni kwetu, "yaani nimtoe nje mwana wa mtu? Halafu nimgeukie mzee mzima nimuulize unajua unalolifanya? Si nitakuwa namtukana?"

Wakuu, mimi nilimwelewa kabisa. Kwetu ukimwambia mtu atoke nje amwache baba yake, tayari umeanzisha ugomvi.

Wazo la mazoezi alilitoa mke wangu. Kila Jumamosi asubuhi, jikoni kwetu: mimi mzee, na msuli wangu na miwani. Mke wangu binti wa mzee, na aliufurahia ule mdomo wa bure kuliko kawaida. Da Zuwena ni notary. Kazi yake ilikuwa neno moja tu, kumwambia yule binti "tupishe".

Halikumtoka.

Jumamosi ya kwanza alisema, "Mwanangu, huoni kiu? Nenda kanywe maji." Mke wangu akajibu hana kiu. Akajaribu tena, "Nahisi simu yako inaita huko." Tukacheka mpaka chai ikapoa.

Jumamosi ya tatu alilisema, lakini alilizungushia samahani nne, na binti akawa bado amekaa.

Kwa Kiingereza lilikuwa linamtoka vizuri tu, na mtihani wenyewe ni wa Kiingereza. Nikamwambia, Dada, si uandike hivyo hivyo uchukue cheti chako? Akakataa. "Nikiweza kwa Kiingereza peke yake, nitakuwa nimekariri. Wateja watakaonijia mimi ni nani? Si ndio nyinyi?"

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu kwa namna nyingine.

Sasa naingia mimi.

Ukiwa umebaki kama mwezi mmoja kabla ya mtihani, ndugu zangu wa Tanga walinipigia. Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba, yuko Woolwich miaka mingi, ana miaka sabini na nane, alifanya kazi reli mpaka akastaafu. Ana nyumba Tanga kwa jina lake. Ndugu wakasema nyumba inaoza, chukua power of attorney kwa mzee, ile hati ya kukupa mamlaka, tuiuze.

Niliona ni busara. Nikamwendea Baba Mkubwa nikamwambia, "Kuna karatasi ya kusaini ili niweze kuishughulikia ile nyumba." Akanijibu, "Sawa mwanangu, ishughulikie."

Karatasi ililetwa tayari imeandikwa kutoka Tanga. Nikampeleka mzee ofisini kwa kina Da Zuwena, nimevaa na koti la heshima.

Baba Mkubwa Kiingereza anakijua, sokoni hapunjwi. Lakini mambo yakiwa mazito anarudi kwenye Kiswahili. Mimi nilijua nitatafsiri. Bosi akamwita Da Zuwena akae na mzee atafsiri badala yangu.

Nikaanza kueleza. Nikaeleza kama dakika mbili, vizuri, kwa mpangilio. Baba Mkubwa anatikisa kichwa.

Da Zuwena akaisoma karatasi, akaniangalia.

"Kaka, hebu tupishe."

Nikacheka, nikadhani ananikumbusha mazoezi. Yeye hakucheka.

"Tupishe, tafadhali. Nitakuita."

Hakukuwa na samahani hata moja. Wakuu, nilitoka na hasira mpaka masikio yanawaka. Mtu anakunywa chai kwangu kila Jumamosi, leo ananitoa nje mbele ya mzee wangu! Nikamwandikia mke wangu: jirani yako kanifukuza ofisini.

Akajibu: "Alhamdulillah, ameweza."

Nilikaa kwenye kiti cha korido karibu nusu saa. Mlango ukafunguka, Baba Mkubwa akatoka na fimbo yake, na karatasi haijasainiwa.

Njiani kwenye basi ndiyo akanieleza. Da Zuwena alimwamkia, akavuta kiti karibu, kisha akamuuliza, "Baba, ukisema nyumba ishughulikiwe, wewe unataka ifanywe nini?"

Mzee akamwambia paa, choo cha uani, na yule mpangaji wa chumba cha mbele ahame, kwa sababu anataka kurudi akakae kwake kabla hajafa.

Ndipo Da Zuwena akamsomea mstari ulioandikwa kuuza. Mzee akaiweka kalamu mezani.

"Wewe uliniambia kushughulikia," akaniambia mle kwenye basi.

"Na kuuza ni kushughulikia, Baba Mkubwa."

"Kwako."

Akabonyeza kengele, tukashuka.

Sikumdanganya, naapa. Lakini hilo neno sote tunalijua. Ndilo la maofisini, "suala lako linashughulikiwa", na ukishaambiwa hivyo hujui kama faili liko mezani au limefungiwa maandazi. Nililitumia kwa sababu "kuuza" nilikuwa naona tabu kulitamka mbele yake. Na kwamba anataka kurudi nyumbani sikuwa najua, kwa sababu sikuwahi kumuuliza.

Halafu kumbukeni kazi yangu. Kila asubuhi kazini namuuliza mzee wa Kizungu kama ninaruhusiwa kumfunga vifungo vya shati, akikubali naandika kwenye daftari kwamba amekubali. Mzee wangu mwenyewe nilitaka kumuuzia nyumba kwa kutikisa kichwa. Niliona aibu sana, na bado naiona nikiandika hapa.

Pamoja na aibu hiyo, wiki mbili sikumsalimia Da Zuwena vizuri. Ndivyo tulivyo.

Jumamosi moja akagonga mlango na mkate wa kumimina, bado wa moto. Akasema, "Sikuja kuomba samahani. Nimeleta mkate." Akaingia jikoni, akakaa kwenye kiti chake, akafungua daftari. Nikaenda kuvaa msuli.

Siku ya mtihani tulimsindikiza mpaka stesheni. Aliporudi tukamuuliza, swali la mzee na binti limetoka?

Halikutoka! Lilitoka la kampuni ya meli, wakurugenzi wawili wamekuja kusaini. Mke wangu akashika kichwa, Jumamosi zote zile. Da Zuwena akasema, "Ngoja. Mmoja alikuwa anasema kwa niaba ya wote wawili. Nikaandika, yule mwenye maneno nitamwomba atupishe."

Matokeo yalitoka akiwa sokoni Woolwich ananunua mihogo. Alinipigia akilia, mimi nikadhani msiba. Mwuza mihogo, mama wa Kinaijeria, ndiye aliyenyakua simu akanipigia kelele, "She passed! Your sister passed!"

Zikafuata taratibu zao, akala kiapo, akapata muhuri wake wa chuma, ule unaobonyeza karatasi mpaka maandishi yanainuka. Alituletea karatasi tupu aliyoibonyeza, tuiguse. Jina lake lote limo, na la baba na la babu, kama desturi ya kwao Pemba. Nimeibandika kwenye friji.

Sasa mteja wake wa kwanza kabisa, mnadhani ni nani?

Baba Mkubwa. Alikuwa na karatasi mpya ya kunipa mimi ruhusa, lakini imeandikwa kitu kimoja kimoja: paa, choo, kumwandikia mpangaji. Kuuza, hapana. Na alitoa sharti kwamba neno kushughulikia lisiwemo popote.

Da Zuwena akafungua mlango wa kile chumba, sasa ni chake, akamwamkia mzee, mzee akaitikia marahaba. Mimi nikainuka kwenye kiti cha korido, nikashika begi la mzee, nikawafuata kwa mazoea.

Da Zuwena hata hakuwahi kufungua mdomo.

Baba Mkubwa aligeuka mlangoni, akanielekezea fimbo.

"Wewe tupishe."

Wakuu, nilirudi kwenye kiti changu nikiwa na furaha ambayo siwezi kuieleza.

Nilichojifunza: nilidhani kumsemea mzee ni kumheshimu. Yule mama wa Kipemba alifeli mtihani mzima kwa kuamini hivyo hivyo, kisha akajirekebisha akiwa na miaka arobaini na tisa, kwa lugha yake, na kwa gharama ya kunikasirisha mimi. Sijui wangapi humu tungeweza.

Baba Mkubwa ana tiketi ya kwenda Tanga. Paa limeisha, choo bado.

Nimeongea peke yangu vya kutosha, sasa nakaa korido. Wenye wazee, na nyinyi wazee wenyewe mliomo humu, semeni kwa midomo yenu.